Dhoruba ya jua ilisingiziwa: kisa cha vipimo vya usiku katika Ghuba ya Mwanza

Mzozo ulikuwa wa hela. Mwenye mradi wa vizimba vya sato, kusini mwa jiji la Mwanza, alikuwa amekodi kikundi cha wapimaji wampimie sakafu ya ziwa ili ajue nanga za vizimba ziwekwe wapi. Kazi ilifanyika nusu ya pili ya Oktoba 2024. Ramani ilipofika ilikuwa na ngazi chini ya maji: pale ambapo wavuvi wa ufukwe ule wanajua tope limelala sawasawa, ramani ilionyesha ukingo wa karibu mita moja na nusu, umekatika ghafla. Mwenye mradi akagoma kulipa awamu ya mwisho. Kiongozi wa wapimaji akajibu kwa barua kwamba kosa si lao, ni la jua. Tarehe 10 mwezi ule kulitokea dhoruba kubwa ya sumaku, yaani msukosuko wa sumaku ya dunia unaoletwa na jua, aurora, ile mianga ya rangi ya anga la usiku, zikaonekana hadi nchi ambazo hazijazoea kuziona, setelaiti zikayumba, na mkataba unasema janga la asili halimfungi yeyote.

Pande zote mbili zilikubaliana niletewe mafaili. Nilikubali kwa sababu moja. Tangu dhoruba ya Mei 2024, visingizio vya aina hii nimevisikia mara nyingi kuzunguka ziwa hili, kutoka kwa wapimaji wa viwanja, marubani wa droni, hata mafundi wa minara. Aurora imekuwa jibu la kila kitu. Na huku tukitazama picha za anga jekundu kutoka Ulaya, jambo lenyewe linaloharibu kazi zetu, ambalo ni la kwetu kabisa na lina msimu na saa yake, halitajwi.

Kilicholetwa mezani

Kwanza nieleze kazi ilivyofanyika, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Wapimaji waliweka besi, yaani risiva (kipokezi cha mawimbi ya setelaiti) isiyohama, juu ya jabali, nyuma kidogo ya ufukwe, mahali peupe pasipo na mti wala paa la bati karibu. Rova, risiva inayotembea, ilifungwa kwenye mlingoti wa boti, na chini yake kipimio cha kina kinachotuma mlio majini na kusikiliza mwangwi. Besi humtumia rova masahihisho kwa redio kila sekunde. Rova ikipata fiksi, inajua mahali ilipo kwa kosa la sentimita mbili tatu, mlalo na wima. Ikishuka kuwa floti, kosa linaweza kufika nusu mita na zaidi. Katika kazi hii kimo cha sakafu kilipatikana kwa kutoa kina kwenye kimo cha antena, kwa hiyo kosa lolote la kimo cha antena linaingia moja kwa moja kwenye tope.

Boti ilikuwa inapita mistari sambamba, kutoka ufukweni kwenda ndani na kurudi. Mchana upepo wa ziwani huanza kuvuma, maji yakachafuka, boti ikayumba mno kwa kipimio. Mwenye mradi alikuwa na haraka, vifaranga vilishaagizwa. Ndipo ikaamuliwa wafanye kazi jioni, upepo unapotulia, hadi usiku. Uamuzi huo ulitoka kwake mwenyewe, na upo kwenye ujumbe wa simu aliomwandikia kiongozi wa wapimaji. Nautaja mapema kwa sababu utarudi kwenye suala la malipo.

Ripoti ya wapimaji ilisema matatizo yalianza saa 17:10. Mwenye mradi alisoma hiyo kama saa kumi na moja na dakika kumi jioni, akakumbuka kwamba saa hiyo boti ilikuwa bado imefungwa ufukweni. Akaona huo ni ushahidi wa uongo. Haukuwa uongo. Mafaili ya setelaiti huandikwa kwa saa ya dunia, nasi Tanzania tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo 17:10 ya kwenye faili ni saa mbili na dakika kumi usiku hapa Mwanza. Nusu ya hasira za mzozo huu ilitoka kwenye namba hiyo moja ambayo hakuna aliyeieleza.

Nilipopanga upya saa zote, picha ilijitokeza yenyewe. Mistari ya jioni, hadi saa mbili kasoro, ilikuwa safi. Kuanzia saa mbili na kitu, fiksi ilianza kukatika, ikarudi, ikakatika tena. Ilipokaribia saa sita usiku kila kitu kilitulia. Usiku uliofuata, hivyo hivyo, saa zilezile kwa kukisia. Ngazi iliyozua ugomvi ilikuwa kwenye mstari uliopimwa kati ya saa mbili na nusu na saa tatu usiku, na iliundwa na kimo cha antena kilichoruka, kwani namba za kipimio cha kina zenyewe zilikuwa zimenyooka muda wote. Hilo peke yake lingetosha kuonyesha kwamba sakafu ya ziwa haina ngazi. Ziwa Victoria halipandi mita moja na nusu ndani ya dakika kumi halafu likashuka.

Watuhumiwa watatu

Maelezo yaliyokuwa mezani yalikuwa matatu. La kwanza ni la mwenye mradi: vifaa vibovu. Lilikuwa rahisi kulipima, kwa sababu besi nayo ilikuwa inahifadhi data ghafi za kwake. Kama ubovu ungekuwa wa rova, waya wake, betri yake au mtikisiko wa boti, basi besi iliyotulia juu ya jabali ingekuwa salama. Haikuwa salama. Besi ilipoteza setelaiti zilezile, dakika zilezile. Vifaa viwili, antena mbili, betri mbili, haviwezi kuugua kwa pamoja kila siku saa mbili usiku na kupona pamoja kabla ya saa sita.

La pili lilitoka kwa nahodha wa boti, na nililiheshimu kuliko yote, kwa sababu lilitokana na kutazama. Alisema: "Mwalimu, saa hizo ndizo wavuvi wa dagaa wanawasha taa. Mimi naona taa ndizo zinazosumbua." Si wazo la kupuuza. Taa za kisasa zina vibadilisha umeme ndani yake, na vile vya bei rahisi vinaweza kumwaga kelele za redio kiasi cha kuzima mawasiliano ya besi na rova. Lakini faili la rova huandika umri wa masahihisho, yaani yamekaa sekunde ngapi tangu yatoke kwenye besi. Umri huo ulibaki sekunde moja usiku kucha. Redio haikukatika hata kidogo. Na taa zilikuwa mbali na jabali. Nahodha alipoonyeshwa safu hiyo ya namba alikubali, akauliza swali ambalo wasomi wawili kwenye mzozo hawakuliuliza: "Sasa kama si chini, ni juu. Juu wapi?"

Kabla ya kumjibu nilitaka kuondoa uwezekano mwingine ambao haukutajwa na yeyote, wa mawimbi yanayogonga maji au bati na kurudi kwenye antena. Huo una alama yake. Setelaiti za GPS hurudi sehemu ileile ya anga takriban dakika nne mapema kila siku, kwa hiyo kosa la kugonga bati hurudia kwa kuwahi huko huko, setelaiti ileile, pembe ileile. Kosa letu halikufuata setelaiti fulani. Lilifuata saa ya usiku.

Basi, juu wapi? Nilifungua nguvu ya mawimbi ya setelaiti mojamoja. Setelaiti moja iliyokuwa upande wa magharibi, nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, ilikuwa inasikika kwa desibeli 45, imetulia, tangu machweo. Baada ya saa mbili ikaanza kutetemeka: 45, 38, 44, 27, 41, 24, ikapotea, ikarudi kwa 43. Yote hayo ndani ya muda mfupi usiotimiza dakika. Setelaiti za mashariki wakati huo zilikuwa hazina habari. Kadiri usiku ulivyosogea ugonjwa ulihama, ukafika utosini, kisha ukaingia mashariki, na zile za magharibi zikaanza kupona. Masafa ya pili ya GPS yaliumia kuliko ya kwanza. Dhoruba ya sumaku iliyoifunika dunia nzima siku kadhaa kabla haiachi alama ya aina hiyo. Huo ni mwendo wa kitu kinachopita juu ya Mwanza kutoka magharibi kwenda mashariki.

Jambo lenyewe

Kitu hicho wanasayansi wanakijua tangu 1938, pale Booker na Wells walipoeleza mwangwi wa redio uliotawanyika ovyo usiku katika kituo cha Huancayo, Peru, kituo kilichojengwa karibu na ikweta ya sumaku. Leo tunaviita viputo vya plazima, yaani mapovu matupu ndani ya chembe zenye chaji zilizoko anga la juu. Naomba msomaji avumilie aya chache hapa, maana hapa ndipo penye uzito wa kisa kizima.

Ikweta ya sumaku, mstari ambapo sumaku ya dunia hulala mlalo, si ile ya kwenye ramani ya shule. Kwa upande wetu wa Afrika inapita kaskazini, juu ya Ethiopia, na Addis Ababa iko karibu nayo kabisa. Ndiyo maana kituo cha kupima sumaku cha pale, kilichoanza 1958, kina thamani kubwa kwa utafiti. Mwanza, ingawa iko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta ya kawaida, iko zaidi ya kilomita 1,200 kusini mwa ikweta ya sumaku.

Mchana, uga wa umeme ulioko angani juu ya ikweta ya sumaku huinua chembe zenye chaji za ionosfia, tabaka la anga la juu lenye chembe hizo, kwenda juu sana. Zikishafika juu huteremka zikifuata mistari ya sumaku, kaskazini na kusini, na kurundikana pande zote mbili, takriban digrii 15 za sumaku kutoka katikati. Appleton alilieleza jambo hili mwaka 1946. Kwa hiyo chembe nyingi zaidi hazikai juu ya Addis Ababa penyewe. Zinarundikana kwenye mikanda miwili, na Mwanza iko kwenye mteremko wa mkanda wa kusini, karibu na kilele chake. Sisi watu wa ziwa tunaishi chini ya mojawapo ya sehemu nzito kabisa za ionosfia ya dunia. Kila kipimo kimoja cha wingi wa chembe, ambacho wataalamu hukiita TECU, huchelewesha wimbi la kwanza la GPS kwa takriban sentimita 16. Katika miaka ambayo jua limechangamka, mkanda huu unaweza kuzidi vipimo 100. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mita 16 ambazo risiva lazima izisahihishe kabla haijasema iko wapi. Zikiwa zimetulia na kufanana juu ya besi na rova, hesabu za RTK, yaani mbinu hii ya besi kumsahihisha rova, huzifuta bila shida. Tabu huanza zinapopasuka.

Zinapasuka baada ya machweo. Jua likizama, tabaka la chini la ionosfia huyeyuka upesi kwa sababu hewa ya chini ni nzito na chembe hukutana na kufutana. Wakati huohuo ule uga wa umeme, badala ya kuzimika taratibu, huongezeka kwa muda mfupi na kulisukuma tabaka la juu lipande zaidi. Matokeo yake ni tabaka zito kukaa juu ya utupu, na hali hiyo haidumu. Mwagia maji juu ya mafuta ya kula ndani ya glasi na utaona mafuta yanavyopenya kwenda juu kwa vidole. Hivyo ndivyo utupu wa chini unavyopenya kuelekea juu ndani ya plazima nzito. Vidole hivyo ndivyo viputo. Vinapanda mamia ya kilomita, vingine vinapita kilomita 1,000, na kwa kuwa vimefungwa kwenye mistari ya sumaku, kiputo kinachozaliwa juu ya Ethiopia kina mkia unaoteremka kusini hadi kwetu. Vikishazaliwa huelea kwenda mashariki kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde hivi. Ndiyo sababu setelaiti za magharibi ziliugua kwanza.

Ndani ya kiputo kuna mikunjo ya kila ukubwa. Kwa wimbi la kwanza la GPS, lenye megahezi 1,575.42, mikunjo inayoumiza zaidi ni ya mita 400 hivi. Wimbi likipita hapo hutawanyika, vipande vyake vikifika chini vinaongezana au kufutana, na risiva huona nguvu ikipanda na kuporomoka kwa namna ile ya 45, 27, 41, 24. Risiva iliyokuwa inahesabu mizunguko ya wimbi hupoteza hesabu. Ikianza upya inaweza kukosea idadi nzima ya mizunguko na bado ikajiandikia fiksi. Fiksi ya uongo ndiyo iliyochora ngazi.

Msimu wake Afrika Mashariki ni karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana: Machi na Aprili, tena Septemba na Oktoba. Saa yake ni kuanzia saa moja na kitu baada ya machweo hadi karibu saa sita usiku. Nusu ya pili ya Oktoba jua linazama Mwanza saa kumi na mbili na dakika thelathini na kitu. Ongeza saa moja na nusu. Unafika palepale, saa mbili na dakika kumi. Na mwaka nao ulichangia: tarehe 15 Oktoba 2024, mashirika ya Marekani ya NASA na NOAA yalitangaza kwamba jua limefika kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa 25. Msimu, saa na mwaka, vyote vitatu vilikuwa vinawaonya wapimaji wale wasiingie majini usiku.

Ili nisitegemee mafaili ya kikundi kimoja, nilitazama pia data za kituo cha kudumu cha Mbarara, Uganda, kilomita 300 na ushee kaskazini magharibi mwa Mwanza, ambazo ziko wazi kwa yeyote. Kule nako wingi wa chembe ulikuwa unatetemeka usiku uleule, saa zilezile. Mchana wake ulikuwa shwari.

Kwa nini dhoruba haikuhusika

Kiongozi wa wapimaji hakuwa mtu wa kubahatisha. Alileta grafu ya Kp, kipimo cha misukosuko ya sumaku ya dunia, ya tarehe 10 Oktoba, nguzo nyekundu zimefika juu, na akasema athari zake huchukua muda kuisha. Nilimwomba alete pia grafu ya usiku wa kazi yake. Nguzo zilikuwa fupi, za kijani. Faharasa ya Dst, inayopima jinsi mkondo wa umeme unaoizunguka dunia unavyopunguza sumaku karibu na ikweta, ilishuka takriban nanotesla 330 kwenye dhoruba ile, nayo ikawa imerudi karibu na hali yake ya kawaida muda mrefu kabla boti haijaingia majini.

Akauliza, kwa haki kabisa: kama Kp ilikuwa chini, mbona anga lilivurugika? Hapa ndipo ninapotaka kila mpimaji wa ukanda huu aelewe. Kp hukusanywa kutoka vituo 13. Kumi na kimoja viko kaskazini ya mbali, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Viwili viko kusini, Australia na New Zealand. Hakuna hata kimoja cha kitropiki. Mwanasayansi Bartels alipoiunda, alitaka kupima misukosuko inayotoka kwenye mikanda ya aurora, na kwa hilo ni chombo bora hadi leo. Kuitumia kuuliza kama usiku wa leo Ghuba ya Mwanza itakuwa na viputo ni kuuliza mlango usio wake. Viputo havihitaji dhoruba. Vinatokea usiku mtulivu kabisa, vikiendeshwa na machweo ya hapahapa.

Kuna jambo ambalo lilimshangaza zaidi. Dhoruba inaweza kuvizuia. Inapopiga wakati ambapo kwetu ni machweo, uga wa umeme unaopenya kutoka nchani huongeza nguvu ya kusukuma tabaka juu, na viputo vinaweza kuwa vikali kuliko kawaida. Lakini saa nyingi baadaye, joto lililomwagwa kwenye ncha za dunia hubadilisha pepo za anga la juu, nazo huzalisha uga wa umeme unaoelekea upande wa pili na kulikandamiza tabaka lisipande. Jules Aarons alipanga mwaka 1991 namna matokeo yanavyotegemea saa ya mahali dhoruba inapofikia kilele. Kwa hiyo usiku unaofuata dhoruba kubwa unaweza kuwa salama Mwanza kuliko usiku wa kawaida wa Oktoba. Mpimaji anayekaa nyumbani siku ya Kp kubwa, halafu akaingia majini usiku wa wiki inayofuata kwa kuwa programu ya simu inasema kijani, anaweza kuwa amepanga kazi kinyumenyume.

Sisemi dhoruba hazitugusi. Mei 2024 Dst ilishuka zaidi ya nanotesla 400, katika dhoruba ya daraja la tano, ya kwanza ya daraja hilo tangu Oktoba 2003. Sumaku ya dunia hapa Mwanza ina takriban nanotesla 33,000, kwa hiyo ni badiliko la zaidi kidogo ya asilimia moja. Aurora ilipigwa picha hadi Hanle, Ladakh, nchini India, na Mexico. Marekani wakulima waliokuwa wanapanda mahindi kwa matrekta yanayoongozwa na RTK walisimama mashambani. Na ubaya wa dhoruba unajulikana tangu zamani: Machi 13, 1989 gridi ya umeme ya Quebec, Kanada, ilianguka ndani ya sekunde 90 hivi, watu milioni sita wakakaa gizani kwa saa tisa. Uhusiano wa aurora na sumaku ulionekana Uppsala mwaka 1741, Celsius na Hiorter walipoona sindano ya dira ikihangaika kila mwanga ulipowaka angani. Utafiti huo wote ni wa kweli na unatuhusu. Ila umejengwa na watu waliokuwa wakitazama anga la kwao, na maonyo yanayotufikia kwenye simu yamerithi macho hayo. Mkanda wa aurora uko digrii 65 hadi 70 za sumaku. Mwanza iko kama 12. Anga letu linahitaji maonyo yake, na mpaka yafike kwenye kila simu, kalenda na saa ya ukutani vinatosha kumwongoza mpimaji kuliko nguzo za Kp.

Nani alipe

Kwa maoni yangu, kifungu cha janga la asili hakikuwa na nafasi. Janga la asili ni lile ambalo mtaalamu makini asingeweza kulitarajia. Viputo vya plazima vya Oktoba, mwaka wa jua kali, saa mbili usiku, vinatarajiwa. Mtaalamu anayelipwa kwa utaalamu anapaswa kuvijua, au angalau kuona fiksi ikicheza na kusimamisha boti. Faili lilionyesha kwamba mwendeshaji aliiona. Mistari kadhaa ina alama ya floti yenye rangi ya njano, na boti iliendelea. Walichokosa ni mtu wa kusema tusimame.

Lakini mwenye mradi naye ndiye aliyesukuma kazi iingie usiku, na kwa maandishi. Nilimwambia hivyo ana kwa ana, kwa heshima ya umri wake. "Mzee, uliharakisha, na haraka hiyo ina gharama. Mafuta ya boti ya kurudia ni ya kwako." Hakufurahi. Alinyamaza muda, akasema kwamba kama kijana angemweleza mapema kuwa usiku hapafai, angesubiri. Ni kweli, na ndiyo sehemu ya lawama niliyoirudisha kwa wapimaji.

Pendekezo langu lilikuwa kwamba kikundi kirudie mistari yote ya baada ya saa mbili usiku bila kudai ujira, mwenye mradi agharimie mafuta na posho ya nahodha, na awamu ya mwisho ilipwe mistari ikishapatana. Nilipinga pendekezo la kukata asilimia ya malipo kama adhabu. Mistari ya mchana na jioni ilikuwa kazi nzuri, na kuiadhibu pamoja na mibovu kungekuwa dhuluma.

Mistari ilirudiwa alfajiri, maji yakiwa yametulia kabla upepo haujaamka. Safari hii walipitisha pia mistari inayoikata ile ya zamani, ili kila mahali mistari miwili inapokutana kina kilinganishwe. Tofauti zilikuwa za sentimita. Ngazi haikuwepo.

Mkataba wao mpya una kifungu nilichowasaidia kuandika, nao wameniruhusu nikieleze kwa yeyote atakayetaka kukitumia. Kinasema vipimo vya RTK visifanyike kati ya saa mbili usiku na saa sita usiku katika miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, isipokuwa kwa makubaliano ya maandishi. Besi na rova zote zihifadhi data ghafi muda wote, ili kazi iweze kuchakatwa upya. Saa ziandikwe za Afrika Mashariki kwenye ripoti, na za dunia pembeni. Mstari wowote uliopoteza fiksi usiingie kwenye ramani mpaka ukatwe na mstari wa mchana. Na asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, rova iwekwe juu ya alama moja inayojulikana, namba zisomwe mbele ya mwakilishi wa mteja.

Kifungu hicho kinafaa zaidi ya vizimba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mpaka huo unapimwa kwa vifaa hivihivi. Nyumba ya mtu inaweza kuwekewa alama nyekundu kwa sababu ya mita moja. Ninaposikia kwamba kikosi fulani kimepima mpaka wa ufukwe jioni ili kuwahi ripoti, swali langu la kwanza ni saa ngapi, na la pili ni mwezi gani.

Malipo yalikamilika Novemba. Kiongozi wa wapimaji bado anabishana nami kuhusu usiku mmoja kati ya zile, ambao anaamini viputo vyake vilikuwa vikali mno kwa usiku mtulivu, na ameomba tupitie pamoja data za Mbarara za mwezi mzima. Nimemtumia mafaili. Tunaanza na yale ya tarehe 10, dhoruba ilipoifikia dunia saa kumi na mbili na robo jioni kwa saa zetu, dakika chache kabla jua halijazama Mwanza.